Bun ina kasi, lakini leja haili kasi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumatano iliyopita iliwahimiza wenye mifumo ya ofisi waachane na lugha ya programu ya PHP “ya kizee” wahamie Bun, jukwaa jipya la kuendesha programu za lugha ya JavaScript, kwa kuwa ina kasi. Tangu 2011 natunza mfumo wa SACCOS moja ya wafanyabiashara wa soko hapa Moshi, yenye wanachama 2,300, na hiyo Bun nimeijaribu wiki tatu. Naomba nafasi nieleze nilichokiona, maana mwandishi wenu alipima kitu kimoja, na kwangu hicho ndicho cha mwisho.

Kasi ipo, sibishi. Ila majaribio mengi ya kasi huitaka seva ijibu “Hujambo dunia” maelfu ya mara kwa sekunde. Kwetu hakuna anayekuja dirishani kusalimiwa. Anakuja kuweka, kutoa, au kugombania riba.

Siku ya pili nilichukua nakala ya leja nikaandika ukurasa wa kuweka akiba. Mwanachama wa majaribio, muuza dagaa, alikuwa na 50,000, akaweka 2,000. Skrini ikamwandikia salio la 500,002,000. Nilicheka hadi keshia akaja kuchungulia kulikoni. Kosa lilikuwa langu. Kiunganishi nilichotumia huleta tarakimu za aina ya DECIMAL (zenye desimali kamili) kutoka MySQL, hifadhidata yetu, zikiwa maandishi, zisije zikapoteza usahihi njiani. Na katika JavaScript alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyabandika. Kwenye PHP kubandika kuna alama yake, nukta, na kujumlisha ni kujumlisha tu. Mazoea yangu yote yaliniponza kwa alama moja, tena mimi niliyekuwa natafuta makosa kwa makusudi. Sijui ingekuwaje kwa kijana wa fildi aliyekabidhiwa kazi Ijumaa jioni.

Lililonikosesha usingizi ni riba ya mwisho wa mwezi. PHP yetu chini ya Apache, programu ya seva ya wavuti, humpa kila mteja mtumishi wake. Mmoja akikwama, wengine wanaendelea. Bun inafuata mtindo ulioenezwa na Node.js, jukwaa la JavaScript alilolitoa Ryan Dahl mwaka 2009: msimbo wako unaendeshwa na mtumishi mmoja anayezunguka. Ni kama mama ntilie aliye peke yake. Anapokea agizo, anabandika sufuria, anamgeukia mteja mwingine huku chakula kikiiva, na kweli anahudumia wengi. Lakini siku akiketi kuchambua gunia la mchele yeye mwenyewe, kibanda kizima kinasubiri. Niliendesha hesabu ya salio la kila siku kwa miaka mitatu, wanachama wote. PHP ilitumia sekunde 14, Bun 9. Mshindi anajulikana, sivyo? Isipokuwa katika sekunde hizo 9 keshia wangu hakupata hata jina la mwanachama kwenye skrini, wakati zile 14 za PHP hakuzisikia kabisa. Dawa ipo: hesabu nzito hupelekwa kwa mtumishi wa pembeni, na nilipofanya hivyo foleni ikatembea. Basi mwandishi angetutajia hiyo dawa.

Halafu vifurushi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Niliomba vinne tu, vya taarifa za PDF na Excel na mengineyo, vikaja na ukoo wao, nilihesabu 214. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kidogo, left-pad, chenye mistari 11, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Sasa mimi natunza nakala ya vyote kwenye diski ya ofisi, na matoleo nimeyafunga, kwa sababu masika waya wa intaneti hukatika na siwezi kumwambia mwenyekiti kwamba mfumo unasubiri mtandao urudi.

Wala simtetei mzee. Desemba 2015 ilipotoka PHP 7, zile kazi zote za mysql_ tulizozizoea ziliondolewa, na ilipofika zamu yangu ya kuhama nilikesha siku kumi na moja nikibadilisha faili moja baada ya jingine. Ukongwe nao una gharama zake. Tofauti ni kwamba gharama hizo nilizijua mapema, na Moshi hii nikiugua naweza kumpata mtu wa PHP kabla ya saa sita mchana. Bun ilifikia toleo la 1.0 Septemba 2023. Waliowahi kuitunza wakati mambo yameharibika usiku bado ni wachache, na hao ndio ninaowatafuta mimi.

Nimeiambia bodi hivi: ukurasa wa wanachama kuangalia salio kwa simu, uhamie Bun mwezi ujao. Unasoma tu, ukianguka hakuna shilingi inayopotea. Leja ibaki ilipo hadi tufunge mwaka wa fedha. Wakati huo huo jaribio la kuchomoa waya wa umeme katikati ya malipo linaendelea. Mara mbili za kwanza niliuchomoa mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa tayari. Ya tatu nimemwachia mlinzi, na nimemwomba asiniambie saa.

Mtunza mfumo wa SACCOS,
Moshi