Makumbusho ya Taifa: 1934 ni mwaka wa taasisi, jengo ni la 1940

Ndugu Mhariri,

Maandishi mengi kuhusu Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, hulitaja jengo la zamani lililo kwenye Bustani ya Mimea kuwa ni la mwaka 1934. Huo ni mwaka wa taasisi. Gavana Harold MacMichael aliianzisha makumbusho 1934, lakini umma ulifunguliwa milango 1940, jengo likiitwa King George V Memorial Museum, kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Jina lenyewe linakata ubishi. Mfalme huyo alifariki Januari 1936, na mwaka 1934 hapakuwa na marehemu wa kukumbukwa. MacMichael naye aliondoka Tanganyika 1938, kwa hiyo jengo lilifunguliwa wakati gavana ni Mark Young. Anayeandika kipeperushi, kitabu cha shule au maelezo ya watalii aiweke miaka yote miwili, na aseme kila mmoja ni wa nini.

Bustani ni kongwe zaidi. Wajerumani waliianzisha 1893 iwe shamba la kujaribia mazao ya biashara, chini ya Franz Stuhlmann, ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Waingereza walipojenga makumbusho hapo, ardhi ile ilikuwa imeshapandwa miti kwa zaidi ya miaka arobaini. Jengo jingine likaongezwa 1963, baada ya Uhuru, na mwaka 1965 likarudishwa nchini fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile aliloligundua mwanaakiolojia Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Wageni wengi huja kwa ajili ya fuvu hilo, wakalipita jengo la 1940 bila kulitazama. Ni hasara, maana lenyewe ni kielelezo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani.

Kukaa bustanini kuna gharama zake. Majani huziba mifereji ya paa, maji yakafurika nyuma ya ukuta, rangi ikavimba. Mifereji isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Kusubiri dari livuje ni kuchelewa. Ndege nao huacha mbegu za mikuyu kwenye nyufa. Mche ukikatwa juu tu huchipua tena, na mzizi wake huendelea kupanua ufa, kwa hiyo ung'olewe ungali mdogo, pamoja na mzizi, kisha ufa uzibwe. Mikrismasi ina mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi. Isipandwe kando ya msingi wala njia za sakafu, hata kama kivuli chake kinapendeza.

Kwenye lipu, fundi abandue kwanza kipande kidogo aone kilichotumika zamani. Kama ni chokaa, arudishie chokaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Saruji tupu ni ngumu mno juu ya lipu laini: hufungia unyevu ndani, chumvi ikaganda nyuma yake, na baada ya misimu michache bamba zima hudondoka. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa. Ule wa pwani huja na chumvi yake, na bahari iko karibu mno kwa jengo hilo kuongezewa nyingine.

Tunaomba pia pawe na ubao wa maelezo unaohusu jengo na bustani kwa pamoja, ukiwa na miaka 1893, 1934, 1940, 1963 na 1965. Usimame kwenye nguzo zake, usipigiliwe ukutani. Msumari wa chuma ukipata kutu huvimba na kupasua lipu. Hata kwenye nguzo zitumike skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Kiswahili kitangulie, kwa herufi zinazosomeka hatua mbili tatu mbali.

Na wanaowaelekeza wageni wataje Mtaa wa Shaaban Robert, Posta. Kituo cha daladala kiitwacho Makumbusho kiko upande wa Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo, na atakayeshuka huko atakuta nyumba za jadi. Jengo la 1940 litakuwa kilomita kadhaa nyuma yake.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam