Wanangu wa Viti Maalumu, Punguzeni Shukrani

Wanangu waheshimiwa,

Majuzi nilipanda basi la alfajiri nikaenda makao makuu ya halmashauri yetu kusikiliza kikao cha bajeti. Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuketi nyuma akasikiliza, ila siku hizi benchi la wageni hukaliwa na mimi, mwandishi mmoja wa habari na dereva anayesubiri bosi wake. Nilikuwa nimevaa saa yangu ya mkononi. Laiti ningeiacha nyumbani.

Alisimama diwani wa viti maalumu, yaani vile viti vya wanawake ambavyo majina yake hupangwa na chama, binti msomi, sauti yake nzuri, kitenge kimemkaa. Akapewa dakika tano. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, na hapo mimi pia niliitikia. Akamshukuru Rais. Akamshukuru mwenyekiti wa chama, katibu wa jumuiya, wajumbe waliompigia kura, mwenyekiti wa halmashauri, mkurugenzi pamoja na timu yake nzima, mumewe, watoto wake na dada anayebaki na watoto. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini akafika kwenye bajeti. Akasema, "Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Akaketi. Wenzake wakapiga meza, mmoja akapiga na kigelegele.

Kitabu cha bajeti kilikuwa mbele yake. Hakukifungua. Ndani yake mna mstari wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kijijini kwangu kipo kikundi cha akina mama wafuga kuku waliojaza fomu hadi wakachoka. Nani awaulizie? Mapato yalikusanywa kiasi gani, kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilifika mikononi mwa watu? Maswali matatu tu, hayamalizi hata dakika moja. Hakuuliza huyo binti, wala mwenzake aliyefuata. Aliyeuliza, tena kwa kifupi, ni mzee wa kata ya jirani ambaye wote mnamwita mfumo dume.

Msidhani ninawacheka. Mimi nilikuwa diwani wa viti maalumu vipindi viwili, na hotuba yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu kuliko hiyo. Akina mama wa kata yangu walikuwa wamenituma jambo moja: zahanati yetu ilikuwa na kitanda kimoja cha kujifungulia, na kilikuwa kimevunjika mguu, kimeegemezwa kwa tofali. Nililiandika kwenye karatasi. Nikasimama, nikaanza kushukuru, na kwa kuwa niliogopa kumsahau mkubwa yeyote nikarudia wengine mara mbili. Kengele ikalia. Mwenyekiti akasema, "Muda wako umekwisha, mheshimiwa." Nikaketi na karatasi yangu.

Jioni niliteremka kwenye gari, nikamkuta bibi mkunga ananisubiri kituoni. "Umesema?" Nikamjibu nimesema. "Umesema nini?" Sikuwa na jibu. Kitanda kile kilikaa na tofali lake miezi saba zaidi, hadi kikao nilichosimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina jambo moja," nikalisema, nikaketi. Mnajua nilichoambiwa kwenye chai? Kwamba sina adabu, sijamsalimu mkurugenzi. Kitanda kililetwa.

Siwafundishi shukrani ya punda. Mtu anayekushika mkono mshukuru, mpigie simu, mwandikie, mpelekee hata kuku. Ila dakika za kikao si mali yako. Ni za yule mama aliyekaa foleni ya maji.

Isitoshe, hicho kiti mnachokishukuru kama sadaka, ni nani aliyewapa sadaka? Mwaka 1985 Bunge lilikuwa na viti maalumu 15 tu vya wanawake. Vikapanda kidogo kidogo, hadi Katiba ikasema wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na kwenye mabaraza ya madiwani ikawekwa theluthi. Hapo katikati kulikuwa na Beijing mwaka 1995, mkutano wa dunia wa wanawake ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mwanamke wa Ukerewe. Kulikuwa na wanawake waliodai ndani ya chama na nje ya chama, wengine wakidhihakiwa hadi na ndugu zao. Na kabla yao wote alikuwepo Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu akipitia vikundi vya ngoma, wakati wenye elimu zao wakiogopa kufukuzwa kazi. Mwaka 1965 akashindwa ubunge Rufiji, kura zikamwangusha pamoja na jina lote lile. Kiti chako kimetoka huko. Ni haki iliyoandikwa. Haki hudaiwa na hutumiwa, haiombewi radhi.

Naelewa shukrani hizi zinatoka wapi. Mwenye kata au jimbo anawaogopa wapiga kura wake. Wewe unaiogopa orodha. Majina ya viti maalumu hupangwa na chama, kura zinapigwa na watu wachache ukumbini, na vijana wamekwisha kuwapa jina: wajumbe si watu. Kwa hiyo mdomo wako unajifunza kuwashukuru wale wachache, na wale wengi hawasikii kitu. Hapo kosa si lako peke yako. Vyama vinapenda wanawake wa kupiga vigelegele na kuchangisha vitenge, halafu vikiulizwa kuhusu usawa vinahesabu vichwa. Na kuna binti zetu wanaodaiwa rushwa ya ngono ili jina lipande, jambo ambalo sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kuwa kosa, na watu wazima wanalitaja kama utani.

Mjue pia kwamba kiti hiki kina dari. Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge aliyechaguliwa jimboni. Uwe hodari namna gani, kutoka viti maalumu hutaupata. Ndiyo maana nawaambia msizeekee hapo. Anne Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa kijana, baadaye akagombea jimbo la Njombe Kusini akashinda, na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke. Rais Samia aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalumu mwaka 2000. Miaka kumi baadaye akagombea ubunge jimbo la Makunduchi. Kipindi kimoja jifunze, cha pili jiandae, cha tatu nenda kata au jimbo ukaombe kura juani, umwachie kiti binti mwingine.

Mengine nayataja tu, maana mnayajua. Someni kanuni za kudumu. Ombeni Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, msikubali kila mwanamke apelekwe kwenye kamati ya UKIMWI. Msikope kwa ajili ya kura za maoni za chama. Andikeni mlichoahidiwa, na tarehe. Mkiwa wawili msigombane mbele ya wanaume wanaongojea hilo.

Na mkirudi vijijini, ulizeni kuhusu baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya mwaka 1999 inataka wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Nimeona kijiji ambacho wale watatu wapo kwenye karatasi, mmoja wao alikwishahama. Mjane ananyang'anywa shamba pale, wala si Dodoma. Ulizeni pia habari ya ndoa za mabinti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, serikali ikatakiwa irekebishe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na mingine ikapita. Wabunge wetu wanawake waliokuwa bungeni miaka hiyo walikuwa zaidi ya mia moja. Nilisikia shukrani nyingi sana.

Binti yangu wa kitenge, kama unasoma, ujue sikukutaja jina na sitakutaja. Una sauti ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Baraza lijalo ni la taarifa za robo mwaka. Nitapanda basi lile lile, nitakaa benchi lile lile, na wawili wa wale wafuga kuku wameniomba waje nami. Saa nitakuwa nayo.

Bibi yenu,
diwani mstaafu