Barua kwa Mama Junior kuhusu ile pesa inayopotea

Mama Junior wangu,

Uko poa? Junior na mdogo wake wanaendelea aje? Sisi huku Umoja tuko sawa, maji yalipotea siku tatu lakini jana yalirudi.

Tangu Jumapili ukate simu ukilia sijatulia. Kilichoniuma sio hata hio elfu nane ya karo iliyopungua, ni lile neno ulisema, ati wewe huna akili ya pesa, ati ulizaliwa mkono wazi, na ukalirudia mara mbili. Sasa sikia, mimi nimekaa kaunta ya sacco miaka kumi na moja, nimeona vitabu vya walimu, makondakta, mama mboga, maaskari wa geti, na nakuambia hilo neno sio kweli, na sitaki ulale nalo usiku mwingine.

Wacha nianze na hesabu juu hio ndio watu huruka. Chukua karatasi yako ya mshahara ya 2022 uiweke kando ya ile ya mwezi uliopita. NSSF, makato ya uzeeni, ilipanda kuanzia Februari 2023, na imekuwa ikiongezeka, alafu ikaja ile ya nyumba asilimia 1.5, alafu Oktoba 2024 NHIF ya matibabu ikatoka ikaingia SHIF asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mshahara wako wenyewe haujaongezwa, uliniambia. Na hapo katikati unakumbuka 2022 venye unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200 tukaanza kupika wali siku za ugali? Kwa hivyo kuna sehemu ya hii shida haihusiani na tabia yako kabisa, ni pesa imepungua na vitu vimepanda, basi. Usijilaumu na hio.

Lakini siwezi nikadanganya nikasema ni hio tu, juu hapa kaunta naona walimu wawili wa shule moja, mshahara karibu sawa, watoto idadi moja, mmoja ana akiba ya laki sita na mwingine haijafika elfu hamsini. Na huyo wa laki sita sio mchoyo, mimi namjua, kila matanga yuko.

Hii kitu ilinisumbua mpaka nilipokuwa nikisoma ile diploma ya jioni nikakutana na mtu anaitwa George Katona. Alizaliwa Budapest, alikuwa mwanasaikolojia, akahamia Marekani na baada ya vita ya pili ya dunia akiwa Chuo Kikuu cha Michigan akaanza kuwauliza watu wa kawaida maswali, mnaonaje mwaka ujao, mnahisi mambo yatakuwa mazuri ama mabaya. Wanauchumi wakati huo walikuwa wanaangalia mapato, yeye akasema hapana, kuna uwezo na kuna nia, na hivi viwili havitembei pamoja kila siku. Uwezo uko kwa mshahara. Nia inabadilika na hofu, na matumaini, na vile mtu anaona kesho. Mimi naona ni kweli kabisa. Desemba kila mtu akiwa na furaha kaunta yetu ni ya kutoa pesa tu, Njaanuari ndio watu wanakuja na macho mekundu kuuliza wanaweza kuongeza kiasi gani kila mwezi, ilhali hio Njaanuari ndio hawana kitu!

Alafu kuna mwanauchumi Modigliani, huyu alipewa Nobel ya uchumi 1985, alisema mtu hupanga maisha yote, anakopa akiwa kijana, anaweka akiwa katikati, anakula akiwa mzee. Sawa. Lakini huyo mtu wake sijawahi kumuona akikuja kwa kaunta yangu, juu sisi katikati hapo ndio karo, ndio mama mzee, ndio ndugu mdogo anatafuta kazi, zote mwaka mmoja.

Sasa nikuambie kitu sijawahi kukuambia. Mwaka ule msichana wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, nilikuwa nimeweka 18,500 kwa simu, ya sanduku, godoro, sare na vitabu. Iliisha wiki tatu. Haikuibiwa, na sikununua hata kiatu. Nilikaa chini na meseji za M-Pesa nikaandika moja moja kwa daftari, elfu moja nauli ya shemeji, mia saba tokeni za stima, elfu mbili mchango wa harusi ya mtu wa kwaya, mia tatu, mia tano, mia tano tena, na kila moja ukiniuliza leo bado nitakuambia nilikuwa na sababu. Hapo ndio nilielewa. Ile pesa haikuwa na jina. Ilikuwa imelala pamoja na pesa ya nyanya na nauli kwa salio moja, na mtu akinipigia nikiangalia salio naona ipo, sasa nitamwambia aje sina? Mimi siwezi kudanganya mtu, na wewe pia huwezi, ndio maana tunapendana.

Mama yangu alikuwa anafunga pesa kwa leso, fundo la posho mill, fundo la sadaka, na la shule lilikuwa linafungwa mara mbili. Mjomba akikuja kuomba alikuwa hasemi sina. Alikuwa anasema iko lakini ni ya shule, na mjomba alikuwa anaenda bila kununa. Kumbe hio kitu wasomi wanaisoma, Richard Thaler alipata Nobel 2017 na sehemu kubwa ilikuwa hio, venye watu hugawa pesa kwa mafungu kichwani na hawapendi kuchota fungu la huyu wampe yule.

Na utafiti ulionigusa kabisa ulifanywa hapa hapa Kenya, upande wa magharibi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliutoa 2013, walienda kwa vyama vya merigoraundi, hivi vyetu vya kawaida vya kuchanga na kupeana kwa zamu, wengine wakapewa kisanduku cha chuma na kufuli, ufunguo wakakaa nao wenyewe, waweke pesa ya afya kama neti na dawa ya maji. Kisanduku tu! Hakuna riba, hakuna mtu wa kuwakagua. Baada ya mwaka, matumizi yao kwa hizo vitu za kinga yalikuwa yamepanda asilimia 66. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo unakaa na mtu mwingine mpaka wafikishe kiwango walichosema, na hicho hakikusaidia kila mtu, juu ukiugua usiku na pesa iko ndani utafanya nini. Lakini sikia hii, kufungia pesa kwa jambo moja kulisaidia wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara nyingi. Nilisoma hapo nikakuona wewe, nakuambia ukweli.

Usinielewe vibaya, sisemi uache kutumia mama yako pesa. Kuna watu huku Nairobi wanasema kata ndugu, na mimi sikubaliani nao hata dakika moja. Ulipofiwa 2021 ni nani walijaza ile bas kutoka nyumbani? Ile elfu mbili unatuma kila mwezi ni bima, tena bima inayolipa bila fomu. Ninachosema ni ipewe fundo lake. Mama ana elfu mbili, wengine wote wana elfu moja, ikiisha tarehe kumi unasema imeisha na ni ukweli, haudanganyi mtu.

Na hizo loni za simu, tafadhali. Najua ile app moja ilituma meseji kwa watu wa kazini kwako na uliaibika. Mimi naona shida ilianzia mbali, akiba na mkopo viko kwa menyu moja, M-Shwari ilikuja hivyo kwa simu 2012, alafu Fuliza, ile inakukopesha M-Pesa ikiisha, 2019 ikafanya hata salio likiisha huoni limeisha. Zamani pesa ikiisha mfukoni ulikuwa unahisi, ukisimama kwa duka unahisi. Sai mkono hauhisi kitu mpaka mshahara uingie na nusu imeshatoka. Lipa hio iliyobaki kwanza kabla uweke hata shilingi, juu hakuna akiba yoyote ya hapa mjini inalipa riba kama ile wanakutoza.

Baada ya hapo nataka uende kwa watu wa mishahara huko kazini uandike barua, wakate elfu moja mia tano kabla haijafika kwa simu, iende sacco. Usianze na elfu tano, nakujua, utaanza na elfu tano miezi miwili uache. Na ukiongezwa mshahara siku yoyote, siku hio hio uongeze ya sacco kabla hujazoea pesa mpya. Ukiiweka mwaka na nusu unaweza kuchukua mkopo mara tatu ya akiba, ulipe karo ya mwaka mzima bila kupigia mtu simu usiku, na mimi nitakuwa mdhamini wako wa kwanza, hio usiulize.

Ya pesa ndogo ndogo, Jumamosi nitapita kwa mafundi wa Kamukunji, pale wanapotengeneza masanduku ya shule, nitachukua kadogo ka chuma na kufuli mbili. Wewe utakaa na ufunguo mmoja na mimi mmoja, tuandike KARO juu kwa rangi, na tunafungua Januari tukiwa wote wawili, isipokuwa mtoto augue, hapo unanipigia hata saa nane za usiku nakuja na boda.

Niambie tu kama unataka nyekundu ama kijani, na kama Jumapili baada ya kanisa uko nyumbani.

Ni mimi wako,
wa Umoja