Masoko ya mtandaoni yashike hela mpaka mzigo ufike

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe langu la moyoni kuhusu haya masoko ya mtandaoni, maana watu wanalia chini chini tu, mtu akipigwa anaona aibu kusema, na mimi niliona aibu karibu miezi miwili.

Mimi ni fundi cherehani huku Mbagala Rangi Tatu, nashona mapazia. Wateja wangu wengi siku hizi sio wa kupita barabarani, ni wa kwenye simu, mtu yupo zake Bunju anaona picha, anauliza mita ngapi, tunaelewana, bodaboda anapeleka. Kwa hiyo sio kwamba naichukia mitandao, ndiyo inayolisha watoto wangu.

Sasa nilikuwa natafuta overloki iliyotumika, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke. Nikaingia kwenye soko moja la mtandaoni nikaiona mashine safi kabisa laki mbili na nusu, na kwa anayezijua hizi mashine bei hiyo peke yake ilitakiwa inishtue, ila yule kaka akasema anahama mji ndo maana anauza haraka. Akaniambia kuna mteja mwingine yuko njiani anatokea Chanika, nitume elfu 50 anishikie mzigo. Nikaenda kutuma, jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri ni la mwanamke, nikamuuliza, akajibu bila kusita hiyo ni laini ya wife. Nikatuma. Nafika Tandika alikonielekeza napiga simu inaita tu, baadaye haipatikani, WhatsApp picha yake imepotea, kumbe nishapigwa block. Nimezunguka na jua lile nauliza nyumba yenye geti la bluu mpaka mama mmoja muuza maandazi akaniambia pole mdogo wangu, wewe ni wa tatu wiki hii.

Huduma kwa wateja nilipiga, hela ilishatolewa zamani. Namba ya yule kaka niliituma kule 15040 kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Watu wakaniambia nikachukue RB polisi, ile namba ya kuonyesha umeripoti, nikapiga hesabu ya nauli za kwenda na kurudi nikaona naenda kupoteza elfu 50 nyingine, nikaacha. Najua sikufanya vizuri kuacha lakini ndo hali ya mtu anayeishi kwa kazi ya siku.

Mhariri, sisi tumekua na madalali. Dalali wa chumba, dalali wa gari, dalali wa mashine, tunawasema sana lakini dalali ana kijiwe, akikuingiza mkenge kesho unamkuta pale pale kwenye benchi na wenzake wanasikia. Kariakoo hivyo hivyo, ukinunua kitu Mtaa wa Aggrey kikakuzingua unarudi kwenye fremu ile ile, mtagombana lakini mwenye duka yupo. Haya masoko ya kwenye simu yamechukua nafasi ya dalali, hela ya matangazo wanakula, lakini ukiwauliza muuzaji wenu ni nani anakaa wapi wanakwambia sisi tunaunganisha tu. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, hivi kweli soko linashindwa kumtaka muuzaji ajithibitishe kabla hajaweka tangazo?

Na hii tabia ya "bei njoo inbox" imenichosha. Unaona kabati zuri, unauliza bei, unajibiwa mpendwa njoo inbox, ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi, ukisema Masaki bei yako ukisema Mbagala bei nyingine. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inataka anayeuza mtandaoni aonyeshe jina lake, anuani na bei kamili. Ipo tangu 2015 jamani! Wauzaji wenzangu tuandike bei, mimi naandika kwenye kila pazia na wateja hawajanikimbia, wamepungua wa kuulizia tu.

Ila kubwa ninaloomba ni hela ikae katikati. Mteja alipe, soko lishikilie, mzigo ukifika akaukagua akaridhika ndo muuzaji apate chake. M-Pesa imeingia nchini 2008, leo mpaka muuza vocha ana lipa namba, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni mitambo. Wakati Jumia, wale wa duka la mtandaoni, wapo hapa, kabla hawajafunga Novemba 2019, tulizoea kulipa mzigo ukiwa mlangoni na watu wakaanza kuamini, walipoondoka tumerudi kwenye tuma kwanza halafu omba Mungu.

Wauzaji wenzangu msione nawachongea, hata sisi hii itatusaidia. Mimi nimeshatuma pazia za sebule nzima mpaka Tegeta, bodaboda kafika mteja kazima simu, nikalipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na kitambaa nishakikata kwa vipimo vya madirisha yake nani mwingine atakinunua? Hela ingekuwa imeshikiliwa mahali asingenifanyia vile.

Na wale wa kuweka mahitaji, yaani unaandika nahitaji overloki bajeti yangu laki nne nipo Mbagala, hapo pia pasafishwe. Niliandika hivyo baada ya kutapeliwa, nikapata majibu kama ishirini, mashine moja picha moja imeletwa na watu wanne kwa bei nne tofauti! Wote wameichukua kwa mtu mmoja ambaye labda hata hajui. Mwenye mali aandikwe mwenye mali na dalali aandikwe dalali, hiyo tu, kila mtu ale kwa jina lake.

Mashine nilipata mwishoni, kwa mama mmoja Temeke aliyejibu kwa kutaja bei na fremu yake ilipo, nikaenda na vipande vyangu vya kitambaa kwenye mfuko nikajaribu kizito na chepesi, ikashona, ndo nikalipa. Laki tatu na themanini. Nilipoteza siku nzima ya kazi ambayo mtu wa Mwanza au Songea anayenunua kitu Dar hawezi kuipoteza, yeye anategemea neno la mtu tu na basi la usiku kutoka Mbezi.

Wenye haya masoko najua magazeti mnasoma, naomba mtujibu hapa hapa, lini mtaanza kushikilia hizo hela?

Fundi mapazia,
Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam