Kwa Vijana Wetu Wapiga Chelo: Kiti cha Nyuma Nacho ni Kazi

Wanangu wa Nairobi na kwingineko mnaopiga chelo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde mpigaji akiwa ameketi,

Ninawaandikia nikiwa na uchungu, na nimeona afadhali mnisikie ukiwa bado haujapoa. Katika mazoezi ya hivi karibuni tulifika sehemu ya pili ya Simfoni ya Tano ya Beethoven, pale ambapo viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito) na chelo ndizo zinazoufungua wimbo huku fidla zikiwa bado kimya, na kijana mmoja mwenye kipaji kikubwa alikuwa akizisoma nota zake kwa mara ya kwanza mbele yetu sote. Kijana huyohuyo hurekodi Bach kwa simu yake na kumwagiwa sifa. Alipoambiwa kwamba ataketi nyuma, hakurudi tena. Ningekuwa nimemwita faragha, lakini tabia hii si yake peke yake.

Mmeaminishwa kwamba mpiga chelo ni mtu anayeketi peke yake jukwaani, na kwamba okestra ni mahali pa waliokosa bahati hiyo. Haikuwa hivyo hata kwa wale mnaowaenzi. Pablo Casals, mpiga chelo mashuhuri, alipozikuta nota za swiiti za Bach, tungo za chelo pekee, katika duka moja la Barcelona mwaka 1890, alikuwa mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akipata riziki kwa kupiga mkahawani pamoja na wenzake wawili, na alizifanyia mazoezi kwa takriban miaka 12 kabla ya kupiga hata swiiti moja nzima hadharani. Arturo Toscanini, aliyekuja kuwa kiongozi maarufu wa okestra, aliondoka kwenye chelo akaiongoza opera huko Rio de Janeiro mwaka 1886, akiwa na miaka 19 tu, bila kutazama nota, na watu wakamshangilia. Mwaka uliofuata alikuwa ameketi miongoni mwa wapiga chelo wa Milan, opera ya Otello ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kama yeye aliweza kurudi kitini, ninyi mnakikimbia kwa sababu gani?

Kiti hicho kina kazi zake. Wawili mnasoma karatasi moja, na anayeketi upande wa ndani, mbali na hadhira, ndiye anayefunua ukurasa, huku mwenzake akiendelea kupiga ili sauti isikatike. Mwelekeo wa upinde unanakiliwa kutoka kwa kiongozi wa chelo, kwa penseli, siku hiyohiyo unapobadilishwa. Nimewaona mkija bila penseli, mkisema mtakumbuka, na Jumamosi inayofuata upinde mmoja unapanda wakati mingine yote inashuka, nasi tunarudia ukurasa uleule hadi jua linazama. Huko ni kuwaibia wenzenu muda, na wengi wao wamepanda matatu mbili kufika.

Mnaotamani okestra za Ulaya na Marekani mjue kwamba usaili wa huko mara nyingi hufanyika nyuma ya pazia, pengine zulia likitandikwa ili hata nyayo zisikutambulishe. Wasikilizaji hawataona video zako. Watakutaka konsato, yaani utungo wa mpigaji mmoja anayesindikizwa na okestra, kisha vipande vya okestra, na kimojawapo kinachoombwa mara kwa mara ni huo wimbo wa Beethoven ambao kijana wetu hakuwa ameutazama.

Muziki wa watu wachache ni mgumu zaidi, kwa sababu hakuna anayesimama mbele kuwaongoza, na wenzako wanaitafuta sauti sahihi juu ya yako. Nasikia mkilalamika harusini kuhusu Kanoni ya Pachelbel, ambamo chelo hupewa nota nane zilezile mara 28. Zipigeni kwa namna ya kuwasikiliza fidla wanaobadilika juu yenu kila mara, nanyi mtaona kuna kazi.

Lakini lawama zote si zenu. Shule zetu hufundisha muziki kwa ajili ya kombe, na kombe likishapatikana ala hufungiwa stoo. Wenye sherehe hulipia hema, keki na maua, kisha humwomba mpiga chelo aje bure ili ajulikane. Kule Kinshasa, okestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Kikristo la Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikua kwa watu kupokezana ala chache na kutumia waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi zilizokatika. Ustahimilivu wao unatia moyo, ila ni aibu kwetu sote kwamba ulihitajika.

Mengine nayataja tu: andikianeni mikataba; tunzeni migongo yenu; msiache chelo ndani ya gari juani; fundisheni watoto mapema, kwa kuwa karo hizo zitawalisha wengi wenu.

Mwezi ujao tunaanza Kwinteti ya Schubert ya mwaka 1828, utungo wa wapigaji watano, yenye chelo mbili. Chelo ya kwanza imeshaombwa na wengi. Ya pili, ambayo katika sehemu ya polepole hudonoa nyuzi kwa vidole chini ya wimbo wa wenzake, haijaombwa na yeyote. Anayeitaka aniambie kabla ya Ijumaa, nami nitaketi naye tuipitie ukurasa kwa ukurasa.