Saa mbili ya shahidi na saa mbili ya karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu rufaa za jinai hapa Zanzibar, ambalo sikulijua kwa kusoma sheria bali kwa kuwasomea watu makaratasi yao. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Wete, na kwa kuwa nilisomesha Kiingereza miaka mingi, wazee ambao vijana wao wako Chuo cha Mafunzo, ndiyo gereza letu hapa Zanzibar, huniletea nakala za hukumu niwafasirie.

Msimu wa karafuu uliopita alinijia mama mmoja na bahasha ya kaki yenye hukumu na mwenendo wa kesi ya mwanawe, aliyetiwa hatiani na mahakama moja ya hapa kisiwani kwa wizi wa karafuu zilizoanikwa. Mlalamikaji alisema karafuu ziliondoka jamvini saa nne usiku. Shahidi wa utetezi, ambaye ni ami yake kijana, alisema kijana alifika kwake saa mbili usiku, akala, akalala, na hakutoka tena mpaka alfajiri. Wote wawili walisema kwa Kiswahili, na maneno yao yakaandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Saa ya mlalamikaji ilifasiriwa sawasawa, ikawa kumi kwa hesabu ya Kizungu. Ya ami iliachwa mbili vilevile, na mbili ya usiku kwa Waingereza ndiyo saa nane yetu, usiku wa manane. Hakimu aliyemsikiliza ami alikuwa ameshahamishwa. Aliyekuja kuandika hukumu hakuwa na kitu ila karatasi, naye akasema kwamba shahidi wa utetezi mwenyewe amethibitisha kuwa mshitakiwa alibisha hodi muda mrefu baada ya wizi kutokea. Nilipofika hapo yule mama alinikatiza: "Mwalimu, ami yake kayasema lini hayo?"

Wengi hudhani kosa kama hilo litajirekebisha lenyewe kwenye rufaa. Lakini rufaa kwa kawaida haiwaiti tena mashahidi. Jaji anayesikiliza rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, ila anaupima kwa kuusoma. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, tuliyonayo tangu mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, katika rufaa ya pili hujishughulisha zaidi na hoja za sheria, na imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kumbukumbu za mahakama ni waraka mzito usiotikiswa kirahisi. Siilaumu kwa msimamo huo, maana bila ya hivyo kila aliyeshindwa angeyakana maneno yake. Ninachosema ni kwamba karatasi hiyo tunayoiamini kiasi hicho haina maneno ya shahidi, ina tafsiri iliyofanywa papo hapo na mtu mmoja, kalamu ikikimbizana na mdomo, na mara nyingi shahidi hajui kilichoandikwa.

Wala si saa tu. Shahidi wetu akisema "alikimbia kuelekea pwani", hajasema kama ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague mmoja, hata pale ambapo kesi nzima inagombaniwa juu ya nani aliyekimbia.

Wenzetu wa Bara walipitisha sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zao. Mahakama zetu hapa, hadi Mahakama Kuu ya Zanzibar, si jambo la Muungano, kwa hiyo hatuna wa kumngojea. Na inachekesha kidogo kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kilichukuliwa hapa, kwenye Kiunguja. Najua nitajibiwa kuwa istilahi za sheria bado hazitoshi. Sawa, hakimu na abaki na istilahi zake katika sababu za hukumu. Mimi naomba ushahidi tu uandikwe kwa lugha uliotolewa, kisha shahidi asomewe kabla ya kushuka kizimbani. Ami yule angesomewa, angelisahihisha kosa lile pale pale.

Jengine ni la wasomaji wako. Anayekata rufaa ya jinai kwenda Mahakama ya Rufani anapaswa kutoa taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 30 za hukumu, na taarifa hiyo haingojei nakala ya hukumu. Nimewaona watu watatu waliokaa kungojea nakala mpaka muda ukapita, ikawabidi kwanza waombe kuongezewa muda.

Ukurasa wenye kosa nimeutia alama kwa penseli, na yule mama ameupeleka Chake Chake kwa wakili wa msaada wa kisheria. Wakili anataka kiapo cha ami. Ami ni mvuvi, yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, na hajarudi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba