Vidonge vilivyobaki kwenye droo usivimeze

Mwanangu,

Juzi uliponipigia saa nane usiku unanong'ona kutoka chooni, mama inachoma tena na mkojo wenyewe matone matatu, usingizi wangu uliishia palepale, maana hiyo UTI naijua, nimekaa hivyo miaka na miaka, miguu imeganda sakafuni, nasubiri mkojo ambao haupo. Alafu ukasema kuna vidonge vinne vya antibayotiki vimebaki vya ile dozi ya mwisho unataka kuvimeza. Hapo ndo nikaona bora nikuandikie, kwenye simu ungenikatisha.

Usivimeze. Mi nilifanya hivyohivyo, nikapata nafuu siku mbili ikarudi, na mkojo ulipokuja kuoteshwa maabara, yaani kukuza bakteria waliomo waone dawa gani inawaua, majibu yakaonyesha dawa tatu hazinifanyii kazi tena. Na antibayotiki haichagui, inaweza kuua mpaka laktobasili, wale bakteria wazuri wa ukeni wanaokulinda, wakipungua, yule bakteria E. coli anayetoka njia ya haja kubwa anapanda kirahisi kwa sababu njia yetu ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu. Sio kwamba we mchafu! Nasema hivi kwa sababu najua unavyojisugua na sabuni, kuosha ndani acha kabisa.

Kapeleke mkojo uoteshwe kabla hujameza chochote. Madaktari wanahesabu UTI ya kujirudia ukiugua mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka, na we umeshapita hapo, kwa hiyo usiombe dawa ya leo tu, omba na kinga.

Mi ningeanza na maji. Kuna utafiti ulitoka 2018, wanawake 140 wenye tatizo kama lako waliokuwa wanakunywa chini ya lita 1.5 kwa siku, nusu yao wakaambiwa waongeze lita 1.5 juu ya walichozoea, baada ya mwaka walioongeza wameugua wastani wa mara 1.7 na wenzao 3.2. Maji tu mwanangu! Na we nakujua, kutwa nzima kikombe kimoja, na mkojo unaubana mpaka kazi iishe.

La chumbani tusioneane aibu. Kukojoa baada ya tendo hakuna ubaya, ushahidi wake mdogo ila fanya. Kubwa ni zile dawa za kuua mbegu za kiume, zingine zinapakwa kwenye kondomu, zinawamaliza haohao laktobasili, kama mnazitumia badilisheni njia.

Kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, sio uongo, mapitio ya tafiti 50 yaliyotoka 2023 yalikuta inapunguza hatari ya kuugua kwa karibu robo kwa wanawake ambao inawarudia, ila inakinga, haitibu iliyokwishaanza. Ule unga wa di-manosi, aina ya sukari, anaokusifia rafiki yako achana nao, Uingereza wamewapa wanawake miezi 6, majibu yakatoka 2024, haukupishana na unga wa kuzugia usio na dawa.

Kuna dawa nataka uitaje kwa daktari, inaitwa methenamini hipureti, sio antibayotiki, ikifika kwenye mkojo wenye asidi inatoa fomaldehaidi inayoua bakteria. Utafiti wa 2022 wa wanawake 240 hukohuko Uingereza uliipima na antibayotiki ya kila siku, wa antibayotiki waliugua wastani wa mara 0.89 kwa mwaka na wa methenamini 1.38, watafiti wakaona tofauti hiyo ni ndogo na methenamini inaweza kushika nafasi ya antibayotiki. Mwambie daktari kama una shida ya figo au ini.

Mimi kilichoniokoa ni krimu ya ukeni yenye estrojeni, homoni ya kike, lakini hiyo ni ya sisi ambao hedhi imekoma, usije ukachukua yangu.

Ila nikuombe kitu, ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ubavuni, hayo sio ya maji wala kranberi, hiyo inaweza kuwa imepanda kwenye figo, kimbia hospitali na antibayotiki utakayopewa umalize dozi yote.

Na ile juzi kabla hujakata simu nilisikia kama umesema siku zako zimechelewa. Kama ni kweli pima mimba hata leo, na umwambie daktari kabla hajaandika dawa yoyote, alafu unipigie, hata iwe usiku.

Mama